Simu Imekatika, Nani Kaikata?

Kila mwanafunzi wa Kiswahili aliyepita katika somo la mnyambuliko wa vitenzi anaifahamu kauli ya kutendeka. Kikombe kimevunjika. Nguo imechanika. Simu imekatika. Kauli hii ina sifa inayoitenga na kauli ya kutendwa: haimhitaji mtendi. Twaweza kusema, "Simu imekatwa na fulani," lakini hatusemi, "Simu imekatika na fulani." Anayesema kwamba simu imekatika ameieleza hali na kukinyamazia chanzo. Kisarufi, hapana dosari yoyote hapo. Katika maisha ya kila siku, hata hivyo, ukimya huo una gharama, na wanaoilipa ni watu wa kawaida ambao lugha hii tunadai kuisoma kwa niaba yao.

Makala haya yanadai jambo moja. Sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tumetumia miaka mingi kubishania majina ya vyombo vya kisasa, tukasahau lugha ya kueleza jinsi vyombo hivyo vinavyofanya kazi na jinsi vinavyoharibika. Tumeipatia jamii nomino, tukainyima maelezo. Mfano tutakaoutumia ni simu za nyumbani zinazopitia intaneti, na mahali tutakapopatazama ni Isiolo.

Kwa nini Isiolo?

Mji wa Isiolo uko takriban kilomita 285 kaskazini mwa Nairobi. Kwa miaka mingi lami iliishia hapa, na msafiri wa Marsabit na Moyale alikuwa akijiandaa kwa vumbi na mawe. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabu kaunti nzima kuwa na watu 268,002, walioenea katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Huo ni wastani wa watu wasiozidi 11 kwa kila kilomita moja ya mraba. Hesabu hiyo peke yake inaeleza mengi. Kampuni yoyote ya mawasiliano hujenga minara mahali palipo na wateja wengi, na pale ambapo watu wachache wametawanyika kati ya Garba Tulla, Merti, Sericho na Oldonyiro, minara huwa haba na mizigo ya kila mnara huwa mizito.

Isitoshe, Isiolo ni mji wa lugha nyingi. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru hukutana sokoni, na aghalabu Kiswahili ndicho daraja lao. Mzee anayeuza ng'ombe na kijana anayetengeneza vifaa vya umeme huenda wasiwe na lugha nyingine ya pamoja. Kwa hiyo Kiswahili cha Isiolo kina wajibu mzito: kikishindwa kueleza jambo, mara nyingi hapana lugha nyingine mezani ya kulieleza.

Kadhalika, zipo familia ambazo watoto wao wanafanya kazi Saudia, Qatar na kwingineko Ughaibuni. Simu ya kawaida ya kimataifa ni ghali kwa mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani, basi simu hupitia intaneti. Mazungumzo hayo hayawi ya porojo tu. Humo ndimo hupangwa karo, hujulishwa misiba, huulizwa kama mwajiri ameirudisha pasipoti. Simu ya aina hiyo inapokatika kila baada ya nusu dakika, kinachopotea ni zaidi ya sauti.

Tulikotoka

Ni vyema tukumbuke kwamba huduma hii si ya kale nchini. Shirika la Posta na Simu la Kenya liligawanywa mwaka 1999, na Telkom Kenya ikarithi simu pamoja na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa. Muda huo wa upekee ulikoma mwaka 2004, na baada ya hapo ndipo kupitisha sauti kwenye intaneti kulipopata nafasi halali. Hata hivyo, hapakuwa bado na waya wa chini ya bahari uliotuunganisha na ulimwengu. Intaneti yetu ilipanda angani hadi kwenye setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 35,786, kisha ikashuka tena. Hata kwa mwendo wa nuru, safari hiyo ya kupanda na kushuka huchukua kama milisekunde 240. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu limependekeza kwamba, ili mazungumzo yawe mepesi, sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kuelekea upande mmoja. Kwa hiyo mazungumzo ya wakati ule yalikuwa na kilema tangu kuzaliwa, na kilema chenyewe kilitokana na umbali.

Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Mradi wa serikali wa NOFBI nao ulilenga kuufikisha waya wa nuru kwenye makao makuu ya kaunti. Kuanzia mwaka 2015 WhatsApp ikaanza kubeba simu za sauti, na Skype, iliyozinduliwa mwaka 2003, ikafungwa Mei 2025 baada ya wengi kuihama. Mwaka 2023 Starlink ilianza kuuza huduma yake nchini kwa kutumia setilaiti zinazozunguka karibu na dunia, kwa urefu wa takriban kilomita 550, ambako kuchelewa kwa sauti ni kudogo mno kuliko kule kwa zamani. Njia zimeongezeka, lakini malalamiko yamebaki yale yale mawili: "Simu inakatika," na "Mtandao ni mbaya."

Hebu tulitazame hilo neno mtandao. Mteja akilitamka, huenda anamaanisha mawimbi kutoka mnarani, au waifai ya nyumbani mwake, au intaneti nzima, au kampuni inayomuuzia huduma. Vitu hivi vinne vina wenyewe tofauti na vina dawa tofauti. Neno moja linalofunika vitu vinne humsaidia sana anayetaka kukwepa lawama.

Sauti husafiri vipi?

Neno simu lenyewe asili yake ni Kiajemi, na kwa asili hiyo linamaanisha waya. Babu zetu walipopiga simu walikuwa wakipiga waya, na sauti ilipita humo kama maji mferejini. Simu ya intaneti haifanyi hivyo. Sauti hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida kila kipande kikibeba milisekunde 20 za maneno, hivyo vipande 50 kwa kila sekunde. Kila kipande huandikwa anwani kama barua, kikatumwa peke yake, na upande wa pili hupanga vipande kwa mfululizo wake na kuvisoma.

Kutokana na maelezo haya mafupi, msomaji anaweza kuzitambua aina tatu za maradhi. Vipande vikipotea njiani, maneno hukatikakatika. Vikifika vyote lakini vimechelewa, wasemaji hugongana, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza. Vikifika kwa mwendo usio sawa, vingine upesi na vingine polepole, sauti hukwama kisha ikakimbia, kama punda anayevutwa kamba. Kiswahili kina vitenzi vya yote hayo: kukatikakatika, kuchelewa, kukwama. Hatukuhitaji kuunda istilahi hata moja.

Yapo maradhi ya nne, nayo ni simu kufa kabisa. Hapa inatubidi tujue kwamba kando ya vipande vya sauti kuna ujumbe mwingine unaozianzisha, kuzitunza na kuzimaliza simu. Katika simu nyingi za nyumbani kazi hiyo hufanywa na itifaki iitwayo SIP. Sauti inaweza kuwa safi kabisa na simu ikafa kwa sababu ujumbe wa kuitunza umepotea. Wengi hawalijui hili, hivyo hununua intaneti yenye kasi zaidi kwa ugonjwa usiotibika kwa kasi. Simu moja ya ubora wa kawaida hutumia chini ya kilobiti 100 kwa sekunde kwenda na kiasi hicho kurudi. Kasi ya kutazama filamu haihitajiki hapo. Kinachohitajika ni uthabiti.

Dalili na chanzo

Tabibu hamtibu mgonjwa kwa kuambiwa tu kwamba anaumwa. Huuliza: wapi, tangu lini, saa ngapi, baada ya kufanya nini? Simu nayo yataka kuulizwa hivyo, na swali la kwanza ni la wakati.

Ikiwa simu hukatika takriban sekunde 32 baada ya kupokewa, kila mara, basi tatizo karibu kila wakati ni kwamba jibu la kuthibitisha kupokewa kwa simu halimfikii mhusika. Chombo husubiri sekunde hizo 32, kisha hukata tamaa na kukata simu. Mara nyingi mkosaji ni ruta ya nyumbani inayojaribu kuzisahihisha anwani za SIP na badala yake kuziharibu. Ruta nyingi zina kipengele kinachoandikwa SIP ALG. Kikizimwa, ugonjwa huo mara nyingi hupona siku hiyo hiyo.

Ikiwa simu hukatika kwa ukamilifu wa dakika 15 au 30, fikiria ujumbe wa kuhuisha mazungumzo. Mitambo mingi hupanga kuhakikisha katika vipindi hivyo kwamba pande zote mbili bado zipo. Ujumbe huo usipofika, mtambo hudhani watu wameondoka na kufunga mlango. Hapa mteja hana la kufanya na ruta yake peke yake. Mtoaji huduma naye hana budi kuukagua mtambo wake.

Ikiwa simu za kutoka zinakwenda vizuri lakini zinazoingia haziiti baada ya chombo kukaa kimya kwa muda, ruta imeisahau njia. Ruta huweka kumbukumbu ya nani aliyetuma nini ili ijue jibu limpelekee nani, lakini kumbukumbu hiyo hufutwa pasipokuwa na mwendo. Tiba ni kukipanga chombo cha simu kitume salamu fupi kila baada ya muda mfupi, mathalani sekunde 30, ili njia isisahaulike.

Ikiwa maneno hukatikakatika jioni tu, pale watoto wanapotazama video na picha zinapopakiwa kutoka kwenye rununu, basi foleni imejaa ndani ya nyumba. Vipande vya sauti vimesimama nyuma ya mizigo mikubwa kama mgonjwa aliyekwama nyuma ya lori. Ruta nyingi zaweza kuamriwa kuipa sauti kipaumbele. Jaribio jepesi ni kuzizima shughuli nyingine zote kwa dakika kumi na kupiga tena.

Ikiwa sauti huharibika chumbani na kuwa nzuri sebuleni, shaka iwe juu ya waifai. Kuta za mawe na mabati huyadhoofisha mawimbi, na masafa ya gigahezi 2.4 hugombaniwa na vyombo vya majirani na hata jiko la maikrowevu. Chombo kikiunganishwa na ruta kwa waya na tatizo likatoweka, kesi imekwisha.

Ikiwa taa za ruta huzimika na kuwaka upya simu inapokatika, tatizo ni umeme. Umeme ukipepesa kwa nukta moja tu, ruta huanza upya na kuchukua dakika nzima au zaidi kurudi. Betri ndogo ya akiba ni tiba ya bei nafuu kuliko kubadilisha kampuni. Hapa pana onyo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: simu ya intaneti bila umeme ni bubu. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Nyumba isiyo na simu nyingine ya kupigia 999 au 112 katika usiku kama huo imejiweka hatarini.

Kwa wanaotumia ruta yenye laini ya simu, chombo hicho huweza kuhamahama kati ya minara miwili au kati ya vizazi vya mawimbi. Kila kikihama, anwani yake huweza kubadilika na simu ikafa. Kukiweka karibu na dirisha linaloelekea mnara husaidia. Kwa wanaotumia sahani ya setilaiti za karibu, mgunga mmoja ulioinama mbele ya sahani watosha kuleta mikatiko ya sekunde chache inayojirudia mchana kutwa. Anga inapaswa kuwa wazi.

Mwisho, zipo simu zinazokatika kwa sababu ya mbali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM ziliharibika baharini, na intaneti ya Afrika Mashariki yote ikazorota. Siku hiyo aliyeibadilisha ruta yake Isiolo alijisumbua bure. Zipo pia zinazozuiwa kwa makusudi: kwa miaka mingi Umoja wa Falme za Kiarabu umekuwa ukizuia simu za sauti za WhatsApp na kuruhusu programu zilizoidhinishwa pekee. Mama anayesubiri simu ya WhatsApp kutoka Dubai hana mtandao mbaya. Simu yake haikukatika, imekatazwa. Tazama jinsi kitenzi kimoja kinavyombadilisha mwenye kuulizwa.

Kutoka kutendeka hadi kutendwa

Sasa tulinganishe malalamiko mawili. La kwanza: "Simu yangu inakatika sana, mtandao wenu ni mbaya." La pili: "Tangu Jumatatu, simu ninazopokea hukatika sekunde thelathini na mbili baada ya kupokewa. Ninazopiga hazikatiki. Chombo kimeunganishwa kwa waya, na taa za ruta haziyumbi."

Lalamiko la kwanza lina jibu moja tu, nalo kila Mkenya analijua kwa moyo: "Zima, uwashe." Aghalabu dawa hiyo hufanya kazi kwa saa chache, kwa sababu kuzima na kuwasha hufuta kumbukumbu za ruta na kuanza ukurasa mpya. Lakini pia hufuta ushahidi. Lalamiko la pili halijibiki hivyo. Mhudumu atakayelisikia atalazimika ama kulitatua ama kulifikisha kwa fundi anayeweza. Mlalamikaji wa pili hakutumia neno hata moja la Kiingereza, wala hakuhitaji shahada. Alihitaji saa, daftari, na mtu wa kumwonyesha cha kuandika humo: tarehe, saa, muda simu ilivyodumu, nani alipiga, nani hakumsikia mwenzake, taa zilikuwaje, na nani mwingine alikuwa akitumia intaneti nyumbani.

Huu ndio msingi wa hoja yetu. Kiswahili hakikumkosesha huyo mlalamikaji wa kwanza uwezo. Kilichomkosesha ni kwamba hapana mtu aliyewahi kukaa naye, kwa Kiswahili, akamweleza sauti husafiri vipi. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na ruta mara nyingi vimeandikwa kwa Kiingereza na Kichina. Nasi wenye lugha tumekuwa wapi?

Tumekuwa katika mijadala ya nomino. Je, iwe rununu, simutamba au simu ya mkononi? Tarakilishi, ngamizi au kompyuta? Watanzania wanasema mkongo, Wakenya wanasema faiba, nani sahihi? Mijadala hii ina thamani yake, na simdharau aliyeifanya. Usanifishaji wa istilahi ni kazi ya heshima iliyofanywa na watu wenye bidii. Lakini neno hupata uhai likitumika katika sentensi inayomfaa mtu. Barua pepe ilishika kwa sababu watu walikuwa na barua za kutuma. Istilahi iliyolala katika orodha ya kurasa mia, isiyo na aya moja inayoitumia kueleza jambo, ni mbegu iliyohifadhiwa ghalani hadi ikaoza.

Pingamizi

Yamkini wapo watakaopinga. Wa kwanza watasema kwamba kazi hii ni ya wahandisi. Ni kweli kwamba mhandisi anajua chanzo cha sekunde 32 kuliko sisi. Lakini kujua na kueleza ni stadi mbili. Mhandisi wetu amefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne hadi chuo kikuu, na anapotaka kumweleza mzee wa Bulapesa hubaki akichanganya maneno. Anatuhitaji kama sisi tunavyomhitaji. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wa pili watasema kwamba Kiswahili si lugha ya kwanza ya wengi Isiolo, na kwamba mwongozo ungefaa uandikwe kwa Kiborana, Kisomali au Kiturkana. Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake si kulikana. Mwongozo wa Kiswahili ni hatua ya kwanza. Miongoni mwa wanafunzi wa vyama vyetu wamo Waborana, Wasomali, Waturkana na Wasamburu. Mwongozo mzuri wa Kiswahili, wenye vitenzi vya wazi na sentensi fupi, hutafsirika kwa urahisi kuliko ule wa Kiingereza uliojaa vifupisho.

Wa tatu watasema kwamba jambo lenyewe ni dogo mno kwa jarida la chuo kikuu. Tuna ushairi, riwaya, isimu na historia. Kwa nini tujadili ruta? Nami nauliza: je, lugha hupimwa kwa mashairi yake peke yake? Kiswahili kilienea bara kwa sababu mfanyabiashara aliweza kuitumia bei, uzito na umbali. Lugha isiyoweza kueleza kwa nini simu imekufa itaachiwa ngoma na hotuba, na wenye shida watatafuta lugha nyingine.

Haki iliyo mezani

Fauka ya hayo, jambo hili ni la haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata huduma yenye ubora wa kuridhisha na haki ya kupewa habari zinazohitajika ili anufaike nayo kikamilifu. Tuviweke vifungu hivyo viwili pamoja, swali linajitokeza lenyewe: habari zisizoeleweka na mtumiaji ni habari kweli? Mwenye huduma akitoa maelezo kwa lugha ambayo mteja haisomi, ametimiza wajibu wake au ameuigiza tu?

Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji ambao wamekwisha kulalamika kwa kampuni wasiridhike. Lakini lalamiko lisilo na tarehe, saa wala maelezo haliendi mbali mahali popote. Kumfundisha mtu kulalamika kwa ufasaha ni kumpa silaha ya kisheria. Hakuna wakili wa bei nafuu kuliko sentensi iliyo wazi.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo matatu ambayo chama chochote cha Kiswahili kinaweza kuyaanza muhula huu bila kuomba fedha kwa mtu.

Kwanza, tuandike miongozo ya ukurasa mmoja. Kila mwongozo uchukue tatizo moja la nyumbani: simu inayokatika, mita ya umeme isiyokubali tokeni, betri ya sola isiyojaa. Mwanafunzi wa Kiswahili aketi na mwanafunzi wa uhandisi. Mmoja aeleze, mwingine aandike. Kisha rasimu isomwe na mtu asiyesoma fani zote mbili, na kila sentensi asiyoielewa ifutwe.

Pili, wahadhiri wetu waipe kazi hii alama. Mtihani wa istilahi unaomtaka mwanafunzi aorodheshe mbinu za uundaji wa maneno ni mzuri. Mtihani unaomtaka aeleze, kwa maneno mia tatu, kwa nini simu hukatika baada ya nusu dakika, utapima mengi zaidi: msamiati, mpangilio wa hoja, na unyenyekevu mbele ya msomaji.

Tatu, tukusanye maneno ambayo watu tayari wanayatumia. Mafundi wa Isiolo, Mombasa na Kisumu wana msamiati wao. Wanasema laini imelala, taa inapepesa, sauti inarudi, bando limekwisha. Tuyaandike kwanza, ndipo tuamue kama pana pengo la kuzibwa. Mara nyingi tutakuta hakuna.

Wapenzi wa Kiswahili, kauli ya kutendeka ni kauli nzuri. Ina adabu, haimnyoshei mtu kidole kabla ya ushahidi. Lakini haifai kuwa kituo cha mwisho cha safari. Mtu akikuambia kwamba simu yake imekatika, mwulize: baada ya muda gani? Upande gani haukusikia? Taa zilikuwaje? Ukimwuliza hivyo kwa Kiswahili, naye akakujibu kwa Kiswahili, mtakuwa mmeanza kumtafuta mtendi. Kuuliza si ujinga, na kufundisha jinsi ya kuuliza ni kazi yetu sisi tunaosomea lugha hii.